Lowell Suvlu na Mlo Uliosubiri Miaka Ishirini na Miwili

(3 Machi 1961 – 9 Aprili 2025)

Ndugu, jamaa na majirani, wasifu huu ulikuwa usomwe na Corrine, binti wa marehemu. Najua mmekuwa mkigeuza shingo kumtafuta tangu tulipoingia kanisani. Zipumzisheni. Corrine hayupo, na sababu ya kutokuwepo kwake imo humu humu. Mtaijua kabla sijakaa. Basi mmeletewa mimi, mpwa wa marehemu, ambaye mwenyewe alikuwa akinitambulisha kwa wageni hivi: "Huyu ana nusu ya diploma ya umeme. Mruhusuni kuzima taa tu. Kuwasha bado."

Mzee Lowell Suvlu alizaliwa Utqiaġvik, huku huku kaskazini mwa Alaska, mtoto wa tatu wa marehemu Amos na marehemu Bertha Suvlu. Aprili 1973, akiwa na miaka kumi na miwili, alifika hapa Nuiqsut na familia zilizokuja kuufufua mji huu, amekaa juu ya mizigo nyuma ya pikipiki ya theluji ya baba yake. Mwaka na nusu waliishi hemani, na ni humo alimofanya kazi yake ya kwanza ya umeme. Ilikuwa Desemba, saa sita mchana, giza kama kawaida ya mwezi huo. Alivuta waya kutoka jenereta ya jirani ili bibi yake apate balbu moja ya kushonea. Balbu iliwaka kwa muda wa kupiga chafya. Kisha jenereta ikakohoa, ikanyamaza, na mahema yote yakazimika. Bibi, bila kuinua macho kwenye sindano, akamwambia, "Tundu nimeliona, uzi umeingia. Sasa kimbia kabla hawajajua ni wewe."

Shule ya msingi alisoma Utqiaġvik na hapa Nuiqsut. Sekondari alikwenda bweni Sitka, kusini kwenye misitu, akamaliza Mei 1979. Alisema Sitka ilimfundisha mambo mawili: hesabu, na kwamba miti huziba upepo lakini huziba na macho pia. Mwaka 1982 alianza kujifunza ufundi Fairbanks, na tarehe 12 Septemba 1986 akapata leseni yake. Ile leseni aliitembeza mji mzima kama mtu aliyepata mtoto.

Februari 1987 aliajiriwa katika kambi ya mafuta ya Siksrik, na Agosti 2002 akawa fundi umeme mkuu. Kambi ile ina sharti moja lisilopinda: fundi mkuu mmoja lazima awepo saa zote. Wiki mbili huyu, wiki mbili yule, na hakuna anayepanda ndege mpaka mwenzake ashuke. Mwenzake wa zamu alikuwa Bwana Alcide Guidry, mtu wa Louisiana. Wawili hawa walitumia kitanda kimoja, kabati moja na kikombe kimoja kwa zaidi ya miaka ishirini na miwili, wakikutana dakika kumi tu pale uwanjani, mmoja akishuka ngazi, mwingine akipanda. Mengine yote waliyasema kwa daftari la makabidhiano na kwa friji ya chumbani.

Alcide aliandika: "Pampu namba nne inanguruma, isikilize. Halafu we mzee, hicho kitu cheusi ulichoniachia kwenye friji ni chakula au mpira wa kuzibia bomba?"

Marehemu akajibu: "Pampu nimebadilisha beringi. Ile ni ngozi ya nyangumi. Tafuna kwanza ndipo umeze, usiniaibishe. Na hiyo soseji yako ya pilipili imeniharibia Jumapili nzima."

Na chini ya kila ukurasa, kwa mwandiko wa huyu au wa yule, kulikuwa na maneno yale yale: *Siku moja tutakula pamoja.*

Ilikaribia kutokea! Tarehe 14 Januari 2009, nyuzi arobaini na sita chini ya sifuri, ndege ilimshusha marehemu, na kabla Alcide hajapanda, upepo ukafunga uwanja. Wote wawili ndani ya kambi moja! Mpishi akawakaangia nyama mbili nene. Wakakaa. Marehemu akashika uma. Taa zikazimika.

Enyi watu, katika baridi ile kambi ina saa chache tu kabla mabomba hayajaganda, na watu mia na themanini nao wako kwenye foleni. Theluji laini kama unga ilikuwa imepenya kwenye sanduku la swichi kuu, ikayeyuka, ikaliunguza. Kwa desturi ya kazi, kila fundi hutundika kufuli lake kwenye swichi iliyozimwa, na ufunguo hukaa mfukoni mwake. Akifungua mwingine, anaweza kumuua. Wakatundika yao mawili. Marehemu akabaki kwenye sanduku, Alcide akaenda kwenye jenereta, mita mia tano, ameshika kamba ili upepo usimpoteze. Saa tatu baadaye redio ikalia.

"Lowell, huku tayari! Washa, mikono yangu imekuwa samaki wa friji!"

"Kufuli lako bado linaning'inia hapa, mjinga wewe. Njoo ulitoe."

"Si una koleo? Likate!"

"Mimi sikati kufuli la mtu aliye hai. Tembea, ndugu yangu. Shika kamba."

Alitembea dakika ishirini. Akalitoa, marehemu akatoa lake, akapandisha swichi, na kambi nzima ikapiga kelele mpaka mpishi akamwaga chozi kwenye supu. Dakika ile ile upepo ukatulia, na rubani akaingia mbio: "Panda sasa au ulale hapa wiki!" Alcide akapanda na njaa yake. Marehemu alikula nyama zote mbili, akaandika daftarini: "Yako ilikuwa tamu zaidi."

Tarehe 18 Juni 1988 alifunga ndoa na Bi Eunice katika kanisa hili hili. Shangazi Eunice hupenda kusema, "Ndoa yetu ina miaka thelathini na sita, lakini nimekaa naye kumi na minane tu. Ndiyo maana hatujachokana." Walijaliwa Corrine na Nathaniel. Corrine alirithi koleo: mwaka 2019 alianza kazi Siksrik chini ya baba yake, na leseni anayo, kamili, si nusu.

Novemba mwaka jana marehemu alianza kuumwa mgongo. Hospitali ya Anchorage iligundua saratani ya kongosho, na Januari akarudi nyumbani. Kampuni ilileta mbadala. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe. Huyu alipewa bisibisi, na siku ya tisa akapanda ndege. Alcide akashika zamu zote mbili. Mwezi Machi alipiga simu.

"Lowell, nakuja kukuona."

"Na nani atakupokea zamu? Mpokeaji wako ndiye mimi, nami nimelala!"

Walicheka mpaka nesi aliyemhudumia nyumbani akaja. Kisha marehemu akamshika Corrine mkono. "Nikiondoka, huyo mtu aje ale." Alifariki nyumbani, Jumatano tarehe 9 Aprili, saa tatu asubuhi, jua likiwa limejaa dirishani.

Kampuni ikasema haina fundi mkuu mwingine mpaka tarehe 25. Corrine, aliyekuwa likizoni akimuuguza baba yake, akaomba kukaimu nafasi hiyo, akafunga begi. Shangazi Eunice akasimama mlangoni.

"Mtoto gani hamziki baba yake?"

"Mama, mimi nimekula na baba miaka thelathini na miwili. Alcide hajala naye hata siku moja."

Shangazi akasogea kando, akampisha. "Basi vaa soksi mbili."

Jana saa nne asubuhi, kule Siksrik, Corrine alishuka ngazi, Alcide akapanda. Dakika kumi, kama sheria inavyotaka. Na leo asubuhi Corrine amepiga simu: "Mwambieni baba taa zote zinawaka. Mwambieni Alcide ale."

Vijana wametoboa ardhi iliyoganda siku tatu kwa nyundo ya umeme, kwa hiyo hata kaburi mjomba amechimbiwa na kazi yake mwenyewe. Tukitoka huko tutakula ukumbini: ngozi ya nyangumi, supu ya kulungu wa theluji, na nyama mbili nene, zimewekwa sahani zinazotazamana.

Marehemu ameacha mjane, Bi Eunice, watoto wawili, Corrine na Nathaniel, wajukuu watatu, dada yake Lucille, ambaye ni mama yangu, na mwenzake wa zamu, Alcide Guidry, yule pale benchi la pili, aliyeingia kanisani na chupa ya pilipili mfukoni akidhani hatujaiona.

Mjomba, zamu yako imepokelewa. Kufuli lako umelitoa mwenyewe. Pumzika kwa amani, na safari hii usile ya mwenzio.