Fundi Mgongo Amwacha Shangazi Akiwa Amesimama Sawa

Tarehe thelathini Juni, baada ya miaka thelathini na minne katika karakana ya hospitali yetu, Fundi Mgongo atatundika ovaroli lake kwenye msumari alioupigilia mwenyewe wiki ya kwanza ya kazi. Wageni hudhani jina hilo limetokana na kuinama chini ya magari. La, limetokana na salamu yake. Wengine huuliza habari za nyumbani, yeye huuliza, "Mgongo unasemaje?" na kweli husubiri jibu.

Aliajiriwa mwaka uleule alioletwa Shangazi, gari letu la kazi za vijijini, linalovuta kwa magurudumu yote manne na lenye mabenchi mawili ya mbao nyuma. Tulimwita Shangazi kwa sababu hulalamika njia nzima lakini hakosi kufika. Zahanati za mlimani hazina njia nyingine ya kumpata mkunga.

Mwaka wake wa saba, Fundi alifanya kosa ambalo hajawahi kulificha. Shangazi alikuwa amelegea nyuma, naye akaongeza vyuma viwili katika kila springi. Gari likainuka, likasimama kama askari wa gwaride, nasi tukapiga makofi. Kesho yake likapanda mlimani na mkunga, wakati huo binti mgeni kazini. Hapa yafaa kueleza: springi ngumu hufurahia mzigo mzito, lakini mzigo ukiwa mdogo hurusha kila kilichomo. Chupa kumi na tisa za dawa zilivunjika. Mkunga aliteremshwa akishikwa mikono, akamwambia Fundi mbele yetu sote: "Kaka, gari lako limesimama vizuri. Mimi ndiye siwezi kusimama." Alilala nyumbani wiki nzima.

Vile vyuma vilitolewa jioni ileile. Tangu siku hiyo hakuna gari lililotoka karakana kabla Fundi hajakaa kwenye kiti cha nyuma kabisa na kuzungushwa kwenye njia ya mawe iliyo nyuma ya chumba cha kufulia. Anayetengeneza, husema, akae pale anapoumia mwenzake.

Januari mwaka huu Shangazi alikuwa ameegama kushoto kama mtu anayesikiliza kwa sikio moja. Mkuu wa usafirishaji aliamua apigwe mnada. Gari jipya lilikuwa limeahidiwa baada ya miaka miwili, na kwa miaka hiyo miwili kina mama wa mlimani wangejifungua bila mkunga. Fundi aliomba apewe hadi Mei. Akapewa, kwa sharti kwamba mkuu mwenyewe angepanda gari hilo kulijaribu.

Hakugusa spana kwa wiki mbili. Alipima kwa utepe urefu wa kila pembe, kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa bodi, akaandika kwa chaki ukutani. Kisha akataka mzigo halisi. Basi tuliitwa: mpishi, wafua nguo wawili, mfamasia, na mhasibu aliyepangiwa pembe ya nyuma kulia na kukatazwa kupumua kwa nguvu. Vijana walimshauri alinyanyue gari juu sana, lipendeze. Aliwajibu kwamba Shangazi haendi harusini.

Katika daftari lake, ukurasa wa matengenezo ulitangulia ukurasa wa maboresho. Kwanza bushi, ile mipira ya kwenye maungio, zilizokwisha, kisha mkono wa springi ulioliwa na kutu, kisha chuma kikuu cha kushoto, ambacho kilikuwa kimepasuka mahali pasipoonekana. Baada ya hapo ndipo akaweka springi zenye vyuma vingi vyembamba badala ya vichache vinene, na shokapu ndefu zaidi. Springi ibebe, shokapu itulize, alitufundisha. Nyumba yenye wabebaji tu, bila mtulizaji, haina usingizi. Gari lilipanda vidole viwili tu, na kwa ajili ya vidole hivyo alirefusha hata mipira ya breki.

Siku ya majaribio, mkuu wa usafirishaji alikaa mbele. Nyuma alikaa Fundi pamoja na mkunga yuleyule, sasa mkuu wa wakunga, ambaye kwa miaka ishirini na saba alisafiri akiwa ameshika chuma cha juu kwa mikono miwili, hata kwenye lami. Walirudi alasiri. Tulipofungua turubai, mkunga alikuwa amelala fofofo, kichwa juu ya mkoba wake, na Fundi ameweka kidole mdomoni kutunyamazisha.  Mkuu aliitia saini papo hapo barua ya kumbakiza Shangazi kazini, juu ya boneti, akiwa amevua viatu asituamshie mama wa watu.

Fundi, daftari lako liko stoo, na fundi wa rangi ameonywa asiguse ukuta wenye chaki. Ahsante kwa kila mgongo uliourudisha nyumbani mzima. Ustaafu salama, uamke bila kengele, wajukuu wakuchoshe kwa furaha.

Umekataa kupelekwa nyumbani kwa gari dogo la mkurugenzi. Sawa. Benchi la kushoto limefutwa vumbi, na dereva ameambiwa ashuke taratibu kwenye kila shimo, kwa maana abiria wa nyuma anasikiliza.