Nakala Tatu na Bahasha Moja

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1964, mtoto wa tatu wa fundi chuma wa karakana ya reli. Asubuhi hiyo hiyo tangi la mvuke lilipasuka karakanani, hatua chache kutoka nyumbani kwao. Mkunga alikata kitovu huku vioo vya dirisha vikimwagika sakafuni, na baba mzazi akaletwa nyumbani jicho moja limetoka. Wiki haikuisha, daftari la majeruhi likapotea. Kwa kuwa jina la baba halikuonekana popote, wakubwa walisema hakuwapo kazini. Marehemu alikua akiliangalia jicho lile.

Alimaliza sekondari mwaka 1983, akapata shahada ya ukutubi mwaka 1988 na ya uzamili katika usimamizi wa taarifa mwaka 1993. Tangu 1989 alitunza data za utafiti za chuo kikuu, kwanza madodoso ya karatasi kwenye makabati ya chuma, baadaye diski na seva. Kila kitu alikiwekea nakala tatu, mahali patatu; wanafunzi wakambandika jina Nakala Tatu. Hakuna aliyechukua kitu kwake bila kujaza fomu, hata makamu mkuu wa chuo.

Mkewe, ambaye ni mwalimu, alimfahamu kwa fomu hiyo. Alikwenda kuomba madodoso ya tasnifu yake akarudishwa mara mbili. Mara ya tatu alimrushia mashine ya kutoboa karatasi, ikampasua juu ya jicho. Damu ikachuruzika hadi mezani.

"Dada," alisema akijifuta kwa leso, "fomu hii imeharibika. Jaza nyingine, na safari hii usisahau tarehe."

Walifunga ndoa tarehe 2 Desemba 1995. Kovu lenyewe linaonekana kwenye picha ya jalada la wasifu huu.

Miaka miwili iliyopita chuo kilikusanya ushuhuda wa watu mia mbili na kumi na wawili waliopigwa na walinzi wa kiwanda wakati wa mgomo: waliovunjwa mbavu, waliomwagiwa maji ya moto, mjane wa aliyefia getini. Kwenye diski kila mmoja alikuwa namba tu. Orodha ya kuunganisha namba na majina ilikuwa moja, ya karatasi, ndani ya bahasha yenye lakiri. Hiyo peke yake hakuiwekea nakala. Vitisho vya simu vilipoanza mwezi Mei mwaka huu, alivunja kanuni za ofisi kwa mara ya kwanza maishani mwake, akaileta nyumbani.

"Mama watoto, iweke pamoja na vyeti. Usiifungue."

"Kwani kuna nini humu?"

"Watu."

Ijumaa, tarehe 14 Juni 2024, saa nane mchana, wanaume watatu wenye nondo waliingia ofisini kwake. Karani wake, aliyejibanza nyuma ya makabati, alisikia kila neno.

"Mzee, tupe majina tuondoke zetu."

"Fomu ziko mezani, vijana."

Walimvunja vidole vya mkono wa kulia kimoja baada ya kingine, na kwa kila kidole wakauliza upya.

"Haya, majina!"

"Mmeshauvunja mkono wa kuandikia," aliwajibu. "Sasa nani atawatilia saini?"

Hapo ndipo walipompiga kichwani. Wakazibomoa seva na kuondoka na diski.

Alilazwa siku kumi na tisa bila kurudiwa na fahamu. Alifariki tarehe 3 Julai, saa nne asubuhi.

Imesemwa mitaani, na hata kwenye korido za chuo, kwamba alitoa majina ili ajiokoe. Familia inajibu mara moja tu. Ijumaa, tarehe 5 Julai, mkewe aliipeleka bahasha mbele ya kamati ya maadili ya utafiti. Mwenyekiti aliigeuza mara mbili, akawaonyesha wajumbe wote tisa: lakiri nzima, saini ya marehemu juu yake, na tarehe. Sasa imehamishiwa mahali ambapo familia haipajui, kwa hiyo asije mtu kutubishia hodi.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mtoto mmoja wa kiume, wajukuu wanne, dada wawili, na watu mia mbili na kumi na wawili ambao hakumtajia hata mkewe. Wakisogea kaburini leo, hakuna atakayewauliza wao ni nani.

Apumzike kwa amani, yeye na mkono wake wa kulia.