Mwisho Aliousoma Omosa

Kijiwe chetu kiko Keroka, ubavuni mwa soko, mahali ambapo maji ya mvua huteremka kutoka barabarani yakituletea maganda ya ndizi. Ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, chini ya mabati ya kibanda cha chai cha Edinah. Omosa, fundi viatu, hukaa mwisho wa ubao na sanduku lake, tunamwita Sindano. Anyona, mtengenezaji wa simu na redio, ni Setilaiti, kwa sababu hakuna jambo duniani asilolieleza kwa setilaiti. Mimi nauza vitabu vya mtumba hapo kando, nao huniita Kava, eti nimesoma kava tu. Halafu yuko Mzee Nyasani, karani wa korti mstaafu, Jalada kwa jina la kijiweni. Huyu alikuwa anamaliza riwaya mbili kwa wiki mpaka mwaka juzi, presha ya macho ilipomzimia taa. Sasa anaona mwanga na vivuli, basi. Tangu hapo, kila siku saa nane, isipokuwa Jumamosi ambayo ni Sabato yake, Omosa huweka nyundo chini na kumsomea. Omosa ni Mkatoliki, husoma masomo kanisani, na sauti anayo.

Na Mzee akishasomewa, lazima atoe hukumu. Macho yalikwenda, mdomo ukabaki na kazi ya vyote viwili.

Alhamisi hiyo alianza na riwaya ya chombo cha anga, ile tuliyoimaliza mwezi uliopita.

— Mwandishi ametupeleka miaka mia nne mbele, — alisema, kikombe mkononi. — Watu wanahamia sayari nyingine. Wanalala miaka sitini bila kuzeeka. Lakini ukifika sura ya tatu, nani anapika?

— Nani? — Edinah akauliza.

— Mwanamke! Miaka mia nne, Edinah, na bado uko jikoni.

— Hapo hajadanganya, — Edinah alisema, akikoroga sufuria. — Hao wanaume waliamka baada ya miaka sitini, kitu ya kwanza waliuliza si chai?

— Waliuliza kama wamefika.

— Basi hao si wanaume wa huku.

Anyona alikuwa amefungua simu ya mtu, vipande vimetapakaa kwenye gazeti. Hakuinua kichwa.

— Mzee, mimi hiyo kitabu niliona ni ukweli mtupu. Hicho chombo kiko juu saa hii. Kwani mnafikiri mtandao wa Gesima hupotea hivi hivi tu? Wanautumia wao.

— Wautumie kufanya nini?

— Kupiga simu nyumbani! Mtu ameenda sayari nyingine, hataki kujua ng'ombe wake amezaa?

— Hicho kitabu, siyo hiyo kitabu, — Mzee akamsahihisha. — Na kapteni wake alinichosha. Alilia kurasa arobaini. Mtu umepewa chombo uendeshe, unalia? Heri ile riwaya ya mashine ya marehemu. Hiyo ilinitisha.

Ile ya mashine ilikuwa inahusu kampuni inayokusanya jumbe zote alizowahi kuandika marehemu, halafu mashine inaanza kuongea kama yeye. Mjane anaongea na mumewe mwaka mzima, mpaka siku anagundua kwamba mashine inamkubalia kila kitu.

— Hapo ndipo alipojua kwamba kweli mume amekufa, — Mzee alisema. — Aliposikia hapingwi. Hiyo ni kazi ya mwandishi. Hakuna jini, hakuna jeneza, na nilishindwa kumaliza chai.

— Mimi wakiniletea ya mama mkwe, naichomoa kwa umeme, — alisema Edinah.

— Na ikiwa inatumia sola? — Anyona akauliza.

— Naifunika na gunia.

— Haizimiki hiyo. Iko kwa setilaiti.

— Nyamazeni, — Mzee alisema, na tukajua amefika alikotaka kufika tangu mwanzo. — Hizo mbili ni sawa. Lakini riwaya ya mwaka ni ile tuliyomaliza jana. Ile ya ukungu.

Omosa alishika nyundo, akaanza kupiga msumari kwenye kisigino cha kiatu cheusi cha mwanamke. Mwenye kiatu alikuwa ameketi kando yangu kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja ndani ya ndara ya Edinah. Alikuwa Mwalimu Lavender, aliyehamishiwa shule moja ya sekondari hapo karibu muhula huo. Alikuwa akichagua vitabu vyangu na hakuwa amesema neno.

— Mnaukumbuka mwisho wake? — Mzee aliendelea. — Kijiji kinafunikwa na ukungu kila wiki, na kila wiki anapotea mtu. Inspekta anatumwa. Watu wote wanamnyooshea kidole bibi kizee anayeishi peke yake karibu na mto. Mimi nikasema, haya, najua hadithi hii, nimesikia ushahidi wa namna hii kortini mpaka masikio yakachoka. Bibi atauawa na mvua itanyesha. Lakini mwandishi akanigeuza! Inspekta anaingia kwa bibi, anapewa uji wa wimbi, anamsikiliza. Kumbe waliopotea walitoroka wenyewe, kila mtu na sababu yake. Bibi anachukua kigoda chake, anatembea ndani ya ukungu mbele ya kijiji kizima, na haumfanyi kitu. Na kabla ya kuondoka anarudi nyuma kufungia kuku. Kufungia kuku, Kava! Mwandishi gani anakumbuka kuku wakati kama huo?

— Hiyo ya kuku ilinimaliza, — Edinah alikiri.

— Mimi nilisema kuku ni wa ujasusi, — Anyona alisema. — Wana kamera kwa macho.

— Setilaiti, acha kuku, andika barua.

Maana Mzee alikuwa ameamua kumwandikia mwandishi. Nyuma ya kitabu palikuwa na anwani ya barua pepe, na Anyona alikuwa ameazima simu ya mteja mmoja, ambayo ilikuwa imepona asubuhi hiyo, ili aandike akitamkiwa.

— Andika: Ndugu Mwandishi. Mimi ni karani mstaafu, mwenye umri wa miaka sabini na minne. Nimesoma riwaya tangu nikiwa kidato cha pili. Nakushukuru kwa kumwacha bibi kizee aende zake…

— Polepole, mzee. Hii simu inajiandikia maneno yake. Imeandika "bibi kizee aende Zambia".

— Samahani wazee wangu, — Mwalimu Lavender alisema. — Mnazungumzia kitabu gani?

Nikamwonyesha. Kilikuwa juu ya sanduku la Omosa, na jani la mgomba likiwa alama ya ukurasa.

— Hiki nimekisoma, — alisema. — Niliwasomesha wanafunzi wangu wa shule niliyotoka. Lakini bibi si alichomwa?

Nyundo ya Omosa ikanyamaza.

— Alichomwa wapi, mwanangu? — Mzee aliuliza kwa upole, kama anavyoulizwa shahidi aliyekosea tarehe.

— Ndani ya nyumba yake. Sura ya mwisho. Wanamchoma, ukungu unaondoka, Inspekta anafunga faili. Wanafunzi walipiga makofi. Mimi sikupenda.

Anyona alicheka, akitafuta wa kucheka naye. Hakupata. Mzee Nyasani aligeuza uso kuelekea mwisho wa ubao.

— Omosa.

— Mzee.

— Ulinisomea nini jana?

Omosa aliweka kiatu chini. Ana miaka hamsini na kitu, mtu wa mwili, lakini wakati huo alionekana amekunjamana kama ngozi iliyolowa.

— Nilisoma mpaka pale wanafika mlangoni, — alisema. — Halafu nikatupa macho chini, nikaona yenye inakuja. Nikaona siwezi.

— Kwa hivyo ukatunga.

— Nikatunga.

— Uji wa wimbi?

— Mimi.

— Kigoda?

— Ni mimi, mzee.

Mzee Nyasani alisimama, akakosa pa kushika, nikampa bega. 

— Nimekaa kortini miaka thelathini na mmoja, — alisema. — Sikuwahi kuongeza neno kwenye ushahidi wa mtu. Hata mkato! Na wewe unachukua kipofu, unamwekea maneno sikioni kwa sababu unajua hawezi kufungua kitabu akuangalie. Hiyo jana tu, Omosa? Au hata kapteni hakulia?

— Kapteni alilia, — Omosa alisema. — Zilikuwa kurasa sitini. Nilikupunguzia.

Siku nyingine tungecheka mpaka chai imwagike. Edinah alianza, akaziba mdomo kwa kitambaa.

— Kwa nini? — Mzee akauliza.

Omosa alisema kwa Kiswahili chake cha kawaida, bila sauti ya kanisani.

— Magokoro wangu, mzee. Mama ya baba yangu. Walimjia alasiri, siku ya soko, mimi nikiwa na miaka kumi na moja. Walisema ni yeye anaua watoto ya jirani. Watu nilikuwa nawajua, mmoja alikuwa ananipea miwa. Nilijificha kwa migomba. Nyumba ilishika moto, na mimi nikaangalia kuku. Walikuwa kumi na wawili, walikuwa wanazunguka hapo nje wakingoja kufungiwa, kwa sababu jioni ilikuwa imefika na hakuna mtu wa kuwafungia. — Akajifuta uso kwa kiganja chenye gundi. — Na hakuna ukungu iliondoka. Watoto ya jirani waliendelea kuwa wagonjwa. Ilikuwa maji ya kisima. Sasa mtu anakaa huko kwake anaandika eti walichoma, kijiji ikapona. Nikuambie hiyo na sauti yangu? Kwa kinywa changu?

Anyona alianza kukusanya vipande vya simu kimoja kimoja.

Mzee aliketi tena. Mvua ya saa tisa ikaanza kugonga mabati.

— Mwalimu, — alisema mwishowe. — Wewe huna deni na bibi yeyote. Nisomee kama kilivyo.

— Mzee, si lazima, — Edinah alisema.

— Nilitaka kumsifu mtu kwa kazi ambayo hakuifanya. Lazima nijue alichofanya.

Omosa aliinuka ili aondoke. Mzee alinyoosha mkono, akapapasa hewani mpaka akaupata mshipi wa aproni yake, akaushika. Omosa akaketi.

Mwalimu Lavender alisoma kurasa nne. Alisoma vizuri, bila kuongeza chumvi, akipaza sauti pale mvua ilipozidi. Moto ulielezwa kwa ufundi. Palikuwa na sentensi kuhusu nyasi za paa ambayo, Mungu anisamehe, ilinipendeza. Wakati wote huo Mzee hakuuachia ule mshipi. Kitabu kilipofungwa alivuta pumzi.

— Anajua kuandika, — alisema. — Hilo lazima liandikwe. Sentensi zake ni safi, na moto wake unaunguza. Lakini hakumsikiliza bibi hata mara moja. Kitabu kizima, kurasa mia mbili na tisini, kuna mtu aliyemuuliza bibi swali?

— Hakuna, — Mwalimu alisema baada ya kufikiri.

— Mimi sikuliona hilo. Kwa sababu Omosa alimuuliza, nikadhani ni kitabu. — Akageuka. — Anyona, umeandika wapi?

— Pale ameenda Zambia.

— Futa. Andika upya: Ndugu Mwandishi, umetengeneza jini zuri sana la ukungu, halafu ukamwachia mama wa watu dhambi zake. Rafiki yangu mmoja, fundi viatu, anajua kitu ambacho wewe hukijui. Mwulize. Weka namba ya Omosa.

— Mzee, — Omosa alisema, — akinipigia nitamwambia nini?

— Utamwambia kuhusu kuku.

Anyona alituma. Alisubiri, akatangaza kwamba imeenda, ingawa imepitia angani na hao watu wa chombo wameisoma kwanza. Edinah alimpiga na kitambaa. Hapo ndipo tulipocheka, na Omosa pia, akiwa bado analia, kicheko kibaya chenye makamasi.

— Na kesho? — aliuliza. — Utatafuta mtu mwingine akusomee?

— Nani? Kava? Huyo atanisomea kava. Kesho saa nane uko hapa. Lakini ukifika mahali huwezi, useme huwezi. Useme, Nyasani, hapa siwezi. Tutaruka pamoja, au tutatunga pamoja, nami nijue.

— Sawa, tata.

Sikuwahi kumsikia Omosa akimwita hivyo, na tata kwa Kikisii ni baba.

Omosa alimaliza kisigino, akakipiga mswaki, akampa Mwalimu kiatu chake. Mwalimu alikivaa, akasimama akikipima kwenye udongo, lakini hakuondoka. Kitabu cha ukungu kilikuwa bado mkononi mwake.

— Wanafunzi wangu wa hapa bado hawajakisoma, — alisema. — Nilikuwa nimepanga tuanze Jumatatu. Sasa naona aibu kuwapa hiki peke yake. Ningependa wasome na kile chenu. Chenye uji. Kile nitakipata wapi?

Mzee Nyasani aligeuza uso kwa Omosa. Omosa akaangalia nyundo. Wote wakanigeukia mimi mwenye duka la vitabu, nami nikaangalia rafu zangu kana kwamba huenda kiko pale, katikati ya hisabati na biolojia.

 Edinah, aliyekuwa ameketi kando ya Omosa, alisogeza makalio yake kwenye ubao, akapangusa nafasi iliyobaki kwa ncha ya leso, akamwonyesha Mwalimu aketi asikilize.