Habili Wekulo na Kamba ya Bwawani

Ndugu waombolezaji, majirani wa Kambi Muru nanyi mliotoka Kawangware kwa miguu, marehemu baba yetu Habili Wekulo alizaliwa tarehe 4 Machi 1929, kando ya mto Kuywa, wilaya ya Bungoma, mtoto wa tatu wa Mzee Khamala na Mama Nasipwondi, na alijua kuogelea kabla hajajua kusoma. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajifunza useremala kwa mjomba wake, na mwaka 1957 akaja Nairobi, akaajiriwa katika karakana ya samani, akafanya kazi humo miaka ishirini na minane.

Tarehe 20 Desemba 1958 alifunga ndoa na Bi. Musimbi, wakabarikiwa watoto watano, kifungua mimba akiwa Sella, na mwaka 1964 wakahamia Kambi Muru, ambako mfinyanzi alilia gaeni, maana fundi huyu wa makabati ya watu alikaa miaka minane na mlango usio na komeo, na Mama akilalamika alijibiwa kwamba mwizi akija atusaidie kutafuta cha kuiba.

Mvua za mwaka 1968 zilipomsomba mama muuza mboga kwenye kivuko cha mto unaoingia Bwawa la Nairobi, Baba alimtoa akiwa hai, na kesho yake akawakusanya wanaume saba, mafundi na vibarua, wakaanzisha kikundi cha waokoaji wa kujitolea, wenye kamba moja ndefu, tyubu mbili za lori na sheria moja tu, kwamba kamba haikunjwi mpaka aliyepotea aonekane kwa macho. Watu kumi na wanne walitolewa majini wakiwa hai, na baadhi yenu mmeketi hapa.

Sasa tunasoma sehemu ambayo yeye mwenyewe alituamuru tusiiruke, ingawa sisi wanawe tulibishana juu yake jioni mbili. Tarehe 28 Aprili 1977, mwashi Kavoi, mzaliwa wa Kitui, mume wa Ndinda, alisombwa na maji akitoka kazini, kikundi kikamtafuta hadi adhuhuri ya kesho yake, ndipo mtu akaja na habari kwamba amemwona Kavoi Kawangware akinywa chai, na Baba, kwa baridi, uchovu na furaha, akaamuru kamba ikunjwe bila kumtuma yeyote kuhakikisha. Jioni ikajulikana kwamba aliyeonekana alikuwa nduguye Kavoi, aliyefanana naye sana. Tarehe 30 walirudi, wakafika ng'ambo ambako hawakuwa wamepekua, wakamkuta Kavoi amekufa juu ya mti uliozungukwa na maji, amejifunga kwa mshipi wake kwenye tawi, kama mtu anayengoja watu waje. Walimfungua, wakaapa kuficha jambo hilo, na mjane akaambiwa mumewe alikufa papo hapo.

Baba aliacha uongozi siku hiyo, ila kazi hakuiacha, na aliyemfariji kwamba kuteleza si kuanguka alijibiwa kwamba aliyeanguka ni Kavoi.

Mnamo Novemba 1985 alianza kuugua mapafu, akalazwa mara tatu, na tarehe 9 Juni 1986, akiwa nyumbani, alimwita Ndinda, akamweleza habari za mti na mshipi, akamwomba msamaha, naye Ndinda akainuka akaondoka. Siku tatu Baba hakula. Siku ya nne Ndinda alirudi na uji, akaketi kando ya kitanda, akasema, "Baba Sella, ni mimi nilimvalisha Kavoi nguo za kuzikwa. Alama ya mshipi niliiona. Nimekungoja miaka tisa useme wewe mwenyewe. Sasa kunywa." Baba alilia, akanywa wote.

Alifariki tarehe 17 Juni, saa kumi na moja alfajiri, usingizini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliotuchotea maji wiki nzima, wenzake wa karakana waliolitengeneza jeneza hili kwa mikono yao, wanakikundi waliokubali sehemu hii isomwe, na zaidi Ndinda, aliyeketi hapa mbele, bega kwa bega na Mama.

Pumzika kwa amani, Baba, hakuna anayekungoja tena.