Wifi Yangu Pelagia, Muuguzi wa Majimoto

Baba Paroko, wazee wa ukoo, majirani na nyote mliofika hapa Majimoto leo, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Evaline, wengi mnaniita mama Heri, niliolewa na Gervas, kaka wa marehemu, na nimesimama hapa kwa sababu wifi yangu mwenyewe aliagiza kwamba historia yake niisome mimi.

Marehemu Pelagia Makarius alizaliwa tarehe 9 Machi 1969 huko Karema, akiwa mtoto wa tatu wa mzee Makarius, fundi wa mitumbwi, na mama Restituta, ambaye tunaye hapa. Alisoma shule ya msingi hapohapo Karema kuanzia mwaka 1977 hadi 1983, akaendelea na sekondari Sumbawanga, kisha akasomea uuguzi na kuhitimu mwaka 1991.

Alianza kazi katika zahanati ya Karema mwezi Januari 1992, akahamia Magamba, na Julai 2001 akaletwa hapa Majimoto. Tarehe 12 Oktoba 1996 alifunga ndoa na mwalimu Benedikto, wakajaliwa watoto wawili, Katarina na Alois.

Mwaka 2015 alihudhuria mafunzo Mpanda ya kuwahudumia watu waliopigwa au kubakwa, na aliporudi aliomba apewe stoo iliyopakana na kliniki ya watoto, akaipaka chokaa, akaweka kitanda na pazia, ili mama anayepita mlango ule aonekane kama amepeleka mtoto kupimwa uzito. Humo ndani hakumgusa mtu kabla ya kumwomba ruhusa, hakumuuliza alivaa nini wala alikuwa anatoka wapi, na kwa aliyebakwa alianza na dawa za kuzuia virusi vya UKIMWI na mimba bila kungoja fomu ya polisi, maana dawa zile zikichelewa hazisaidii. Aliyetaka kwenda polisi alimsindikiza mwenyewe.

Mwezi Aprili 2018 niliingia chumba kile nikiwa nimevunjika mkono, nikamwambia nimeteleza kwenye majaruba ya mpunga.

"Wifi, mkono nitauhudumia hata ukinyamaza," akaniambia. "Ila ukisema, haitoki nje ya chumba hiki mpaka wewe mwenyewe utake."

"Ni kaka yako," nikasema.

Macho yalimjaa machozi, halafu akamwita daktari Kasimu anipime na kuandika alichokiona, akisema yeye ni ndugu, watu wasije wakasema amempendelea mtu. Aliporudi hakunishauri chochote, aliniuliza tu, "Leo unataka kulala wapi?" Nikamwambia kwake, na nikakaa hapo na wanangu hadi mkono ukapona.

Nilipoamua kwenda polisi wazee walikaa kikao, na mama mkwe wangu alisema kwa uchungu, "Pelagia, unamfunga kaka yako wa tumbo moja?"

"Mama, mimi nimemtibu," akajibu. "Aliyeamua kwenda polisi ni mama Heri, na hata akiamua kuacha, nitamtibu vilevile."

Gervas alihukumiwa kifungo, akatoka mwaka 2020, na kwa miaka mingi hakukanyaga nyumbani kwa dada yake. Krismasi ya kwanza baada ya hukumu Pelagia alimpelekea mama yake mchele, ukarudishwa, mwaka uliofuata akapeleka tena. Nilimwona akilia jikoni, lakini hata siku moja hakuniambia ningefanya vingine.

Agosti 2023 aligundulika kuwa na kansa ya shingo ya kizazi, akatibiwa Mpanda na baadaye Mwanza. Januari mwaka huu, 2025, mama alikuja kumwona pamoja na Gervas, na Gervas alipoanza kumwomba radhi, Pelagia alimkatiza.

"Kaka, umeshaongea na mama Heri?"

"Bado."

"Anza na yeye. Mimi nitakusubiri."

Alikuja, akaongea mbele ya Baba Paroko, nami nilimsikiliza na nikamsamehe. Sikurudi kuishi naye, na wifi yangu hakuniomba nirudi. Ndipo Gervas akarudi kwa dada yake, na kuanzia hapo ndiye aliyekuwa akimnywesha uji, mpaka Bwana alipompumzisha tarehe 3 Juni 2025, saa kumi jioni, hospitalini Mpanda.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa Mpanda na Mwanza, majirani mliopika na kuteka maji tangu msiba uingie, na wafanyakazi wenzake, hasa Sista Séverine aliyekubali kuendeleza kazi ya Pelagia katika chumba kile. Mama Restituta, asante kwa kutuzalia Pelagia. Na wewe, baba Heri, nilikusomea maneno haya jana, nikakuambia sitalisoma jina lako kama hutaki, ukaniambia nisome yote, na umekaa hapo mbele ukisikiliza mpaka mwisho. Asante.

Wifi yangu, Mungu akulaze mahali pema. Pumzika.