Mwalimu Triza Anarudi Msituni

Baada ya miaka thelathini na mmoja ya kufundisha Jiografia, mingi yake hapa shuleni kwetu Kariobangi, Mwalimu Triza Kweyu anastaafu tarehe 31 Desemba 1998.

Somo lake lililojulikana zaidi ni la misitu ya mvua. Kila Februari, jua likiwa kali, alikuja na blanketi zito na kumfunika mwanafunzi mmoja mbele ya darasa. Mwaka wetu alikuwa Javan, aliyevumilia kidogo kisha akalia, "Madam, nimeiva! Nipakue!" Tulivunjika mbavu. Mwalimu alimwacha humo, akaeleza. Mti hunyonya hewa ya kaboni maisha yake yote na kuihifadhi shinani. Msitu ukichomwa, akiba hiyo hutoka kwa siku chache tu, ikaenea angani na kuzuia joto la dunia lisitoke. Na miti iliyokuwa ikirudisha unyevu angani haipo tena, kwa hiyo mvua nayo hupungua.

"Lakini hao wanaochoma misitu wako Brazil," Javan alisema akipangusa jasho. "Sisi wa Kario tunaingilia wapi?"

"Hewa haina steji ya mwisho kama matatu, baba. Inazunguka dunia nzima."

Hata hivyo, hakuturuhusu kuwacheka wanaochoma. Yeye mwenyewe alisomeshwa kwa mahindi yaliyopandwa juu ya majivu, kwani babake alichoma nusu ya msitu wa ukoo kule Magharibi ili apate shamba. Alitueleza hayo waziwazi.

Nusu iliyobaki ndiyo inayomwondoa Nairobi. Mdogo wake, Shiundu, ana watoto sita na shamba lililochoka, na amesema ataichoma Januari kabla ya kupanda. Tulimsihi Mwalimu aombe kuongezewa muda kazini, akakataa. Anataka msitu huo ulete pesa kwa asali bila kuchomwa, kwa hiyo mizinga ya nyuki aliyonunua sasa imejaa ofisi ya walimu, na mwalimu mkuu huipita kwa mbali ingawa haina hata nyuki mmoja. Mwalimu Triza alipompigia Shiundu simu kumwomba ampe msimu mmoja ajaribu ufugaji huo, alijibiwa, "Dada, asali haisongwi ugali." Mwalimu alicheka sana, kisha akaenda kukata tiketi siku hiyo hiyo.

Asante, Mwalimu, kwa kutufundisha bila kutuaibisha. Tunakuombea afya, asali tele, na umkute Shiundu kiberiti kikiwa bado mfukoni.