Dakika Kumi za Utingo

Wazee wangu shikamooni, na ninyi wengine habari za mchana. Mwenyekiti wa mkutano wetu huu wa wajane amenipa dakika kumi za kusimama hapa. Dakika kumi nazifahamu kuliko mtu yeyote katika ukumbi huu, na mkinivumilia mtaelewa kwa nini.

Mnanijua. Mimi ni mjane wa hapa hapa Nyakahanga, kwenye kwaya yetu naimba sauti ya pili. Mume wangu alikuwa dereva wa lori, akipeleka ndizi na kahawa Mwanza, na Jumapili akiwa nyumbani aliimba besi. Safari moja, badala ya kuniletea sato, akashuka na tangi la kioo na samaki watano wadogo wa rangi ya machungwa ndani ya mfuko wa nailoni. Nikamuuliza, hawa wanaliwa? Akasema wanaangaliwa. Jamani, nilinuna wiki nzima. Wenzangu waume zao wanaleta mabati, wangu analeta samaki wa kuangalia. Yeye hata hakujali. Akirudi safari, kabla ya kuvua viatu, anavuta kigoda mbele ya tangi. Yule mdogo kuliko wote, aliyekuwa akimfuata mkubwa kila aendako, alimwita Utingo.

Mwaka juzi alianguka akipalilia kibanja, shamba letu la migomba, hakuamka. Sitaeleza zaidi, wengi mlikuwepo msibani.

Watu walipotawanyika nilijifungia. Simu nikazima, kwaya nikaacha. Mlikuja mkagonga, nikakaa kimya mpaka mkaondoka. Nisameheni kwa hilo. Nawaambia ukweli, ndugu zangu, sikuwa nalia. Nilikuwa nasubiri. Nilikaa sebuleni nikisikiliza barabara, maana lori lake lilikuwa na mlio wake likipanda kile kilima, na moyo wangu ulikuwa haujakubali kwamba halitapanda tena. Nilikuwa na hamu naye mpaka mwili unauma. Nilitamani arudi hata tugombane tu kuhusu wale samaki.

Na samaki wenyewe nikawasahau. Nawarushia chakula bila kuangalia, maji sibadilishi, yakawa ya kijani. Akafa wa kwanza, akafa wa pili, na mimi nawatoa tu kama natoa takataka. Siku moja nikaona amebaki Utingo peke yake. Amejibanza kwenye kona, mapezi yameshikamana, ubavuni ana ukungu mweupe kama pamba. Hapo ndipo nilipostuka. Vitu vya mume wangu vilijaa mle ndani, makoti, kofia, viatu, lakini kilichokuwa kinapumua kilikuwa hicho kimoja, na nilikuwa nakiacha kife.

Sasa hapa ruksa kunicheka. Mimi nimelelewa na mama ambaye mtoto akiumwa anaogeshwa maji ya mubirizi, yale majani machungu. Basi nikachuma, nikaponda, nikachuja vizuri, nikamtumbukiza Utingo kwenye beseni. Akaruka mara moja, akageuka tumbo juu. Nikamtoa mbio nikamrudisha kwenye tangi, na ilichukua muda mrefu kabla hajasimama sawa. Nikakaa sakafuni nikajiambia, mwanamke wewe, unaua cha mwisho.

Nikajifunga kitenge nikatoka. Ilikuwa miezi mitano sijakanyaga barabarani. Nikapanda bodaboda mpaka Kayanga, kwa mzee mmoja anayeuza dawa za mifugo, ambaye zamani alifuga sato bwawani. Sikujua nianzie wapi, nikamwambia nina mgonjwa, nikamweleza ni mgonjwa gani. Hakunicheka.

"Mama, dawa unayo jikoni," akasema. "Chumvi ya mawe, vijiko viwili vya chai kwa kila lita ya maji. Dakika kumi, kila siku, siku tano. Lakini usiondoke pale. Akilala ubavu, mtoe hapo hapo."

Akaniagiza pia nibadilishe maji ya tangi kidogo kidogo, nisiyamwage yote kwa mara moja. Nikamshukuru nikarudi.

Sasa dakika kumi nitazipimaje? Simu niliogopa kuiwasha, imejaa rambirambi. Saa ya ukutani ilikuwa imesimama, betri alikuwa anabadilisha mume wangu. Nikakumbuka wimbo wetu wa mashindano. Wanakwaya mnajua mwalimu alivyotutesa na ule wimbo mpaka ukaisha kwa dakika tano kamili, tusikatwe alama. Nikiuimba mara mbili, dakika kumi hizo.

Nikamweka Utingo kwenye beseni la chumvi, nikaanza. Nikafika ubeti wa tatu. Mnapajua pale. Sote tunanyamaza, besi moja inaingia peke yake, na besi ile ilikuwa yake. Nikanyamaza kama nilivyonyamaza miaka yote, na hakuna aliyeingia.

Nililia, ndugu zangu. Nililia kilio ambacho sikukilia hata makaburini. Nilipofuta macho, hesabu imepotea kabisa na Utingo amelala ubavu. Nikamchota kwa kikombe, nikamrudisha kwenye tangi nikamwangalia mpaka akaanza tena kuchezesha mkia.

Siku iliyofuata nikajionya, ukinyamaza pale, huyu anakufa. Nikafika ubeti wa tatu, nikaimba besi mwenyewe. Mbaya, nawaambia, kama ng'ombe anayeita ndama. Lakini nikapita. Nikaenda mpaka mwisho, nikarudia mara ya pili, nikamtoa Utingo akiwa bado amesimama.

Siku ya tatu jirani yangu, mwimbaji wa sauti ya kwanza, akagonga mlango kwa nguvu. Alisikia besi akadhani nimeweka mwanaume ndani. Safari hii nilifungua. Akaliangalia beseni, akaniangalia mimi, akauliza tuko ubeti wa ngapi. Nikamwambia wa nne. Akaegemeza jembe ukutani, akaingia na sauti yake.

Siku ya tano ule ukungu ulikuwa umeanza kubanduka. Utingo yupo mpaka leo, na siku hizi kigoda nakivuta mimi.

Namshukuru yule mzee kwa kutonicheka. Namshukuru jirani yangu. Na ninyi mliogonga nisifungue, asanteni, nilikuwa nawasikia. Msidhani hamu imekwisha. Lori lolote likipanda kile kilima, shingo yangu inageuka yenyewe, na kila mara namtamani upya. Ila wajane wenzangu, pale mwenzako alipokuwa akiingia, usipaache wazi. Ingia wewe, hata kwa sauti mbaya, maana kuna kinachokutegemea.

Naona mwenyekiti anaangalia saa. Dakika zilizobaki zinatosha wimbo mmoja, na mnaujua. Wanakwaya, simameni. Tukifika ubeti wa tatu, mabesi, leo naomba mnyamaze. Pale naingia mimi.